Chama cha Biashara Chamfaa Nini Mbuni wa Mavazi?

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wajumbe katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Halmashauri ya Chama Kikuu imetupa sisi wa Kamati ya Mitindo nafasi ya kusema machache katika siku hii ya furaha. Mambo ya hesabu mmekwisha kuyasikia kwa Mweka Hazina, na habari za kuanzishwa kwa chama zimeelezwa vema na wazee waliokianzisha. Hatuna haja ya kuzirudia. Sisi twapenda kulishika jambo moja, nalo ni lile swali ambalo huulizwa kila mwaka katika mikutano ya vyama vya msingi, mara kwa upole na mara kwa ukali: "Kitambaa nakata mimi, cherehani naendesha mimi, mtindo nimeuwaza mimi usiku kucha, basi chama chanifaa nini?"

Kwa fundi ashonaye sare za shule jibu ni jepesi. Chama hununua vitambaa, uzi na vifungo kwa jumla, kikamuuzia mwanachama kwa bei ambayo asingeipata peke yake. Na mwisho wa mwaka ziada ikipatikana hugawanywa. Hiyo ndiyo kazi ya ushirika ambayo kila mtu aijua. Lakini katika miaka hii kumi wamezidi miongoni mwetu watu wa namna nyingine, hasa vijana, ambao kazi yao ni kubuni. Mali yao haipimwi kwa mita. Ni wazo: namna ya kukata bega, namna ya kuunga kanga mbili ili maandishi yake yasipotee katika mshono, namna ya kulilaza pindo la kikoi liwe ukosi wa koti. Wazo hilo likionekana barabarani siku ya Ijumaa, Jumatatu limekwisha kushonwa na wengine kumi kwa nusu ya bei. Mtu kama huyo kumpunguzia bei ya uzi ni msaada, lakini si ule alioulilia. Wapo waliokwisha kurudisha vitabu vyao vya uanachama, na wapo wangojao kuona mkutano mkuu wa kesho utaamua nini.

Kwa kuwa shida hii si ngeni duniani, tumeona yafaa kwanza tuwatazame waliotutangulia, kisha turudi nyumbani.

Mji wa kuutazama kwanza ni Paris. Huko alihamia kijana Mwingereza, Charles Frederick Worth, aliyezaliwa mwaka 1825 katika mji mdogo wa Bourne. Alianza kwa kuuza vitambaa vya watu, na mwaka 1858 akafungua nyumba yake mwenyewe ya ushoni pamoja na mwenziwe Otto Bobergh, akawa fundi wa Malkia Eugénie, mke wa Mfalme Napoleon wa Tatu. Kabla ya wakati wake mshonaji alikuwa mtu wa kuambiwa. Bibi alileta kitambaa na kueleza atakavyo. Worth aliligeuza jambo hilo. Yeye ndiye aliyeamua nguo iweje, akawavisha wasichana hai ili wateja waione ikitembea, akashona jina lake ndani ya vazi kama mchoraji atiavyo jina lake katika picha. Hapo ndipo mbuni wa mavazi alipotokea kuwa mtu mwenye jina. Na mara mtu alipokuwa na jina, palitokea wa kuliiba.

Mwaka 1868, katika siku za sifa za Worth, wenye nyumba za ushoni wa Paris waliunda chama chao, Chambre Syndicale, kilichowakusanya washonaji wa mabibi pamoja na watengenezaji wa nguo zilizo tayari. Yafaa tukumbuke kwamba wakati huo sheria ya Ufaransa ya mwaka 1791, iliyopiga marufuku vyama vya watu wa kazi moja, ilikuwa haijafutwa. Vyama kama hivyo viliachwa tu viendelee, na havikupewa uhuru kamili hata ilipotoka sheria ya mwaka 1884. Basi wale waliojiunga mapema hawakujiunga kwa kufuata mkumbo.

Miaka arobaini na kitu baadaye, mwishoni mwa 1910 na mwanzo wa 1911, chama hicho kiligawanyika. Washonaji waliokuwa wakimpima mteja mmoja mmoja walijitenga na watengenezaji wa nguo za kuning'inizwa dukani, wakaunda chama chao cha ushoni wa Paris. Hawakugombana kwa chuki. Waliona kwamba haja zao zimekwisha kuwa mbalimbali mno: yule wa dukani alitaka mitindo ienee upesi, na huyu wa kubuni alitaka isienee bila idhini yake. Twawaomba wajumbe walitie jambo hili moyoni, maana kesho mtasikia hoja ya kuwapa wabuni sehemu yao ndani ya Chama Kikuu. Sisi twaona ni afadhali kuwapa chumba ndani ya nyumba kuliko kungoja wajenge yao ng'ambo ya barabara.

Sasa tuseme juu ya wizi wa mitindo, kwa kuwa ndio uliowaunganisha watu hao zaidi ya kitu kingine chochote. Wezi wa Paris walikuwa hodari. Mchoraji aliingia katika maonyesho kama mgeni, akaiweka nguo akilini, akatoka nje na kuichora. Mnunuzi alinunua gauni moja, akalifumua mshono kwa mshono, akalikatia kiolezo na kushona mamia. Aliyepigana nao kwa ushupavu kuliko wote alikuwa mwanamke, Madeleine Vionnet, aliyefungua nyumba yake mwaka 1912 na kupata sifa kwa kukata kitambaa kwa mshazari ili kiufuate mwili. Kila gauni alilolitoa alilipiga picha mbele, nyuma na ubavuni, akalipa namba na kuibandika picha katika daftari. Na katika kitambulisho cha nguo, pamoja na sahihi yake, alitia alama ya kidole gumba chake. Daftari hizo, pamoja na magauni na violezo vyake, alizitoa mwaka 1952 zihifadhiwe, na leo zimo katika jumba la makumbusho la sanaa za mapambo mjini Paris. Kilichokuwa ulinzi wa biashara kimekuwa hazina ya taifa.

Lakini daftari peke yake lisingemfaa kitu kama pasingekuwa na sheria nyuma yake. Ufaransa ilikuwa na sheria ya haki za watunzi tangu mwaka 1793. Mwaka 1902 ikapanuliwa ili iwaguse na wachoraji wa mapambo, na mwaka 1909 ikatoka sheria ya michoro na vielelezo vya kazi za viwanda. Mshonaji wa Paris alipokwenda mahakamani alikuwa na kifungu cha kukishika, alikuwa na picha yenye tarehe, na alikuwa na wenzake nyuma yake. Vitu hivyo vitatu hutegemeana, na hicho cha tatu ndicho hasa kazi ya chama.

Mtu asidhani haya ni mambo ya Wazungu tu. Hapa hapa Mombasa nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza biashara mwaka 1887, imezitia kanga zake alama ya "K.H.E. Mali ya Abdulla", na mama zetu wakienda Biashara Street huitafuta alama hiyo pembeni mwa nguo kabla ya kuuliza bei. Kidole gumba cha Vionnet na Mali ya Abdulla vyasema neno moja: mwenye kazi hii ni fulani, akitaka mtu kuilaumu au kuisifu amjue.

Kutoka Ufaransa tuvuke bahari hadi Marekani, kwa kuwa huko pana funzo la namna nyingine, na sisi twaona lina manufaa zaidi kwa chama kama chetu.

Sheria ya Marekani haikumlinda mbuni wa mavazi kama ile ya Ufaransa. Kwa hiyo mwaka 1932, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, watengenezaji wa nguo za mabibi wa New York waliunda chama kilichoitwa Fashion Originators' Guild of America, wakaamua kujilinda wenyewe. Mpango wao ulikuwa kamili kama saa. Mwanachama aliandikisha mitindo yake katika ofisi ya chama. Wenye maduka waliombwa kutia sahihi kwamba hawatauza nguo iliyoigwa. Wakatia sahihi zaidi ya 12,000. Chama kilikuwa na wapelelezi waliopita madukani, kilikuwa na baraza la kusikiliza mashauri, na mwenye duka aliyekaidi jina lake liliandikwa katika kadi nyekundu zilizopelekwa kwa wanachama wote, ambao tangu hapo hawakuruhusiwa kumuuzia hata gauni moja. Mwanachama aliyevunja amri hiyo alitozwa faini. Wanachama hao walikuwa 176 tu, lakini mwaka 1936 waliuza zaidi ya asilimia 60 ya magauni ya bei ya jumla ya dola 10.75 na kuendelea. Kwa hiyo kufungiwa nao kulikuwa si mzaha.

Shauri lilifika katika Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na tarehe 3 Machi 1941 majaji wote kwa kauli moja walikihukumu chama. Chama kilisema kwamba kuiga ni wizi, na kwamba kilikuwa kikizuia wizi. Mahakama ilijibu kwamba hata kama ni hivyo, watu wa biashara hawana ruhusa ya kukaa pamoja na kujifanya serikali: watunge amri, wapeleleze, wahukumu na kuadhibu, na huku wanawafungia njia wenzao wa biashara. Mpango ule wote ukavunjika.

Twaieleza habari hii kwa urefu kwa sababu katika mikutano ya vyama vya msingi tumesikia mashauri ya namna hiyo hiyo. Mjumbe mmoja ametaka tutoe orodha ya maduka ya kususiwa. Mwingine ametaka chama kiweke bei ya chini ya kushona gauni la harusi, na atakayeshusha atolewe. Hasira yao twaifahamu, na katika hasira hiyo mna haki nyingi. Lakini Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 yavigusa vyama vya biashara kwa jina, na chama kitakachopanga bei au kumfungia mtu soko kitajikuta mahali walipojikuta wale wa New York, tena bila mawakili wao. Nguvu ya chama inayo mpaka, na mpaka huo hauwekwi na Halmashauri.

Waamerika wenyewe walitafuta njia nyingine. Mwaka 1962 palianzishwa baraza la wabuni wa mavazi la Marekani, ambalo hujulikana kwa herufi CFDA. Aliyelianzisha, Bibi Eleanor Lambert, hakuwa mbuni; kazi yake ilikuwa kuwatangaza wabuni katika magazeti. Mwaka 1943, wakati waandishi hawakuweza kwenda Paris kwa ajili ya vita, yeye aliwakusanya New York kwa juma zima ili waone kazi za nyumbani. Baraza lake halikuwa na kadi nyekundu. Lilimchukua mwanachama kwa jina lake yeye mbuni, wala si kwa jina la kiwanda kilichomwajiri, na lilitaka sanaa ya mavazi iheshimiwe kama sanaa nyingine. Baadaye likawa na tuzo, likawa na msaada wa masomo, na tangu mwaka 2003 likawa na mfuko wa kuwainua wabuni wachanga kwa fedha na kwa mashauri ya biashara.

Kazi moja ya baraza hilo huonekana ndogo, nayo ni kalenda. Kwa miaka mingi, tangu katika miaka ya 1940, bibi mmoja wa New York aitwaye Ruth Finley alikuwa akitoa kijitabu cha kuonyesha siku na saa ya kila onyesho la mavazi mjini, ili wawili wasigongane. Mbuni aliyetaka siku alimpigia simu. Akiona siku hiyo ina mtu, humtafutia nyingine. Mwaka 2014 baraza liliinunua kalenda hiyo. Mwaka 1993 lilikuwa limekwisha kuyakusanya maonyesho yaliyotawanyika mjini yafanyike katika mahema ya bustani ya Bryant Park. Paris nao, kalenda ya maonyesho hupangwa na chama, ambacho tangu mwaka 2017 chaitwa Fédération de la Haute Couture et de la Mode. Sababu yake ni ya biashara tu: mnunuzi atokaye mbali ana siku chache na miguu miwili. Mwaka uliopita wanachama wetu watatu walionyesha nguo zao Jumamosi moja, saa moja, katika kumbi tatu. Na tulipoulizwa na wageni waende wapi tulinyamaza.

Turudi tena Paris, maana hatujaeleza namna chama kilivyosimama siku ya msiba.

Majeshi ya Ujerumani yaliingia Paris mwezi wa Juni 1940. Hayakukawia kufika katika ofisi za Chambre Syndicale, na nia yao ilielezwa waziwazi: ushoni mkuu wa Paris uhamishiwe Berlin na Vienna, mafundi waende huko wakafundishe, na Paris uishe. Rais wa chama alikuwa Lucien Lelong, mwenye nyumba yake ya ushoni, ambamo wakati wa vita walifanya kazi vijana wawili, Christian Dior na Pierre Balmain. Lelong hakuwa na askari wala bunduki. Alikuwa na hoja ya kishoni. Alieleza kwamba gauni moja la Paris halitoki katika nyumba moja. Nyuma yake yupo mtarizi, yupo mfanya vifungo, yupo wa manyoya, yupo wa maua ya kitambaa, yupo wa viatu na wa kofia, kila mmoja katika karakana yake ndogo iliyorithiwa. Huwezi kuung'oa mti ule ukauacha udongo wake. Kabla ya mwaka huo kwisha alikwenda mpaka Berlin kuitetea hoja hiyo, na mpango wa kuhamisha ukaachwa. Miaka yote minne ilikuwa ya kuomba: kuomba vitambaa, kuomba mafundi wasichukuliwe kupelekwa viwandani Ujerumani. Mengine alipewa, mengine alinyimwa. Lakini nyumba nyingi ziliuona mwisho wa vita zikiwa zingali wazi, na mafundi wao wakiwa wangali na sindano mikononi.

Kisha likaja jambo la ajabu. Paris ulipokombolewa mwezi wa Agosti 1944, watu walikuwa na njaa, na majira ya baridi yaliyofuata hayakuwa na makaa ya kutosha ya kuota moto. Vitambaa havikuwapo. Nani angeweza kuonyesha mavazi? Shauri lililotolewa na Robert Ricci, mwana wa mshonaji Nina Ricci, lilikuwa kwamba ikiwa vitambaa ni vichache, basi watu wa kuvishwa wawe wadogo. Chama kilikubali. Wakatengeneza wanasesere wa waya, kila mmoja wa kimo cha sentimita 70 hivi, umbo lake likichorwa na msichana Éliane Bonabel. Waya ulichaguliwa kwa kuwa ulipatikana. Nyumba za ushoni zikagawana wanasesere, na kila nyumba ikashona kwa bidii ile ile ambayo ingeshonea malkia: vifungo vidogo vyenye kufunguka, viatu, glavu, kofia, vifuko vya mkononi. Wasanii, na miongoni mwao Christian Bérard na Jean Cocteau, walijenga majukwaa. Onyesho hilo, lililoitwa Théâtre de la Mode, lilifunguliwa mwezi wa Machi 1945, vita vikiwa havijakwisha Ulaya, na watu wapata 100,000 walilipa kiingilio kuwatazama wanasesere zaidi ya 200. Fedha zilikwenda kuwasaidia waliopatwa na maafa ya vita. Baadaye wanasesere walisafirishwa London na miji mingine ya Ulaya, na mwaka 1946 wakafika New York, kuwaambia wanunuzi kwamba Paris ingali hai. Leo wamo katika jumba la makumbusho la Maryhill, katika jimbo la Washington huko Marekani.

Nyumba zile zilikuwa zikishindana vikali. Kila moja ingependa wageni wote waje kwake. Hata hivyo hapana hata moja iliyoweza peke yake kuwaleta watu laki moja katika mji usio na makaa, wala kupeleka meli ng'ambo. Mwaka huo huo, mwezi wa Januari 1945, jina la "haute couture" lenyewe lilitiwa katika ulinzi wa sheria, hata ikawa nyumba haiwezi kujiita hivyo ila iwe imetimiza masharti: iwe na karakana Paris, iwe na idadi maalumu ya mafundi, ionyeshe nguo zake mara mbili kwa mwaka. Orodha hutazamwa upya kila mwaka. Mwenye kushindwa kutimiza hutoka.

Juu ya masomo tutasema kwa ufupi, kwa kuwa Katibu wa Elimu atalizungumza kesho. Chama cha Paris kilifungua shule yake mwaka 1927, kwa sababu wenye nyumba walihofu kwamba mikono yenye kujua itakufa bila warithi. Yves Saint Laurent alipita katika shule hiyo katika miaka ya 1950. Mwaka 2019 iliunganishwa na Institut Français de la Mode. Sisi tunao mafundi wa kofia za vito ambao umri wao umekwenda, na hatuna hata darasa moja.

Jambo la mwisho katika haya ya ng'ambo latugusa wenyewe mwilini. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba uingizaji wa mitumba upunguzwe hatua kwa hatua, ili ifikapo 2019 ukome, na viwanda vya nguo vya hapa vipate pumzi. Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Mwaka 2017 chama cha Marekani cha wafanyi biashara ya nguo zilizotumika, kiitwacho kwa herufi SMART, kilipeleka malalamiko kwa serikali yake, kikidai kwamba Waamerika 40,000 watapoteza kazi. Serikali ya Marekani ikatishia kuziondolea nchi zetu nafuu ya ushuru ya sheria ya AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zililegeza. Rwanda ilishikilia, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo.

Wanachama wetu hawana shauri moja juu ya mitumba. Wapo humu waliojifunza ushoni kwa kugeuza mashati ya mitumba, nao wana haki ya kusema. Wala hatukuitoa habari hii ili kuamsha ubishi huo siku ya sherehe. Twataka mwone tu ni nani aliyeketi mezani. Mashauri ya nchi tatu yaligeuzwa kwa barua ya chama cha biashara, kilichojua mlango wa kubisha na tarakimu za kutaja. Sisi washonaji na wabuni wa pwani tuliyasoma magazetini.

Lakini ipo siku tuliyosimama. Katika mwongo wa kwanza wa karne hii kampuni moja ya Uingereza iliomba kuandikishiwa neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara huko. Lau ingepewa, mfumaji wa pwani angeweza kuzuiwa kuuza kikoi Uingereza kwa jina la kikoi! Mashirika ya Kenya yalishikana na marafiki wa Uingereza, pingamizi ikapelekwa, na maombi yale hayakufika mwisho wake. Hapana mfumaji mmoja ambaye angeweza kulipa wakili wa London.

Basi turudi katika mambo ya kesho. Kamati italeta hoja mbele ya mkutano mkuu, na tungependa mzilalie usiku mmoja kabla ya kupiga kura.

Kubwa ni daftari la michoro. Mwanachama aliyebuni mtindo ataleta picha tatu, ya mbele, ya nyuma na ya ubavuni, pamoja na kipande cha kitambaa chake, atie sahihi na tarehe mbele ya mashahidi wawili. Daftari hili halimpi mtu haki ambayo sheria haikumpa. Ni ushahidi tu wa nani alitangulia. Mtindo utakaoonekana una soko kubwa chama kitamsaidia mwenyewe kuuandikisha serikalini kwa Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, ambayo humlinda kwa miaka mitano, na aweza kuomba tena mara mbili, jumla miaka kumi na mitano. Lakini ofisi ya serikali hutaka mtindo uwe mpya, kwa hiyo ni vizuri mtu aje kwetu kabla ya kuuvalisha harusini.

Tumesikia hofu mbili, na zote mbili ni za watu wenye akili. Ya kwanza ni kwamba daftari litakuwa dirisha la wezi: wanachama ndio washindani, na mwenye ufunguo wa kabati atakuwa ameona kila kitu. Kwa hiyo twapendekeza kila mchoro uwekwe ndani ya bahasha iliyotiwa lakiri, yenye namba nje, isiyofunguliwa ila pawe na ugomvi, tena mbele ya wenye ugomvi wenyewe. Na mjumbe wa Kamati hii hatashika ufunguo. Hofu ya pili imetoka kwa wazee wa Lamu, nao wameuliza: je, kijana akiandikisha darizi ya shingo ya kanzu aliyoifanya babu yangu, nitazuiwa kuifanya? Hapana. Mkato wa kanzu, mshono wa kofia, pindo la kikoi, mambo yaliyorithiwa na wote hayataandikwa kwa jina la mtu mmoja. Twataka kanuni hiyo iandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na wazee wawili wa kazi wawekwe kulitazama kila ombi linaloshukiwa. Hao tu ndio watakaolifungua kabla ya ugomvi, kwa ridhaa ya mwenye bahasha.

Hoja ya pili ni kalenda moja na onyesho moja la pamoja kila mwaka, ambalo siku yake haitashindaniwa na mwanachama yeyote. Ya tatu ni sehemu ya wabuni ndani ya Chama Kikuu, yenye mjumbe wake katika Halmashauri.

Haya yote yataka fedha. Mweka Hazina amekwisha kusema kwamba ziada ya mwaka huu haitoshi kugawanywa na kufanya mambo haya pia. Kwa hiyo mkutano utachagua: ama ziada igawanywe yote kama desturi, ama nusu yake ibaki kwa daftari na onyesho. Fundi wa sare atauliza kwa nini fungu lake lipungue kwa ajili ya mbuni wa magauni. Jibu letu ni kwamba mwaka jana zabuni mbili za sare za hoteli zilipatikana kwa sababu mwenye hoteli aliupenda mchoro, na mchoro ule ulitoka kwa kijana mmoja wa kike, na kazi ikashonwa na mafundi 30. Kijana huyo ni mmoja wa wale waliorudisha kitabu cha uanachama. Tumemwomba aje kesho asikilize, naye amekubali kuja, ila hakuahidi zaidi ya hapo.

Mkutano utafunguliwa saa tatu asubuhi. Mjumbe aje na kadi yake ya kura, na kila chama cha msingi kilete majina ya wazee wawili wanaofaa kwa kazi ya daftari.